Eda ya Batuli na Vyuma vya Zege

Batuli alikuja kwangu Mlingotini na jino lake limefungwa kwenye pindo la khanga. Mumewe Shuaibu, mwenye bucha, alilitoa kwa ngumi, akamkanyaga mbavu, kisha akamtamkia talaka mbele ya majirani. Mie ni somo yake. Nilimfunda mie mwenyewe, nikamwambia mume akifoka wewe nyamaza. Alinyamaza miaka tisa. Neno hilo sitamwambia mwali yeyote tena.

Talaka ile ilikuwa ya pili. Maana yake mume ana ruhusa ya kumrejea mpaka eda iishe, tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi. Akitamka mbele ya mashahidi kwamba amemrejea, basi karejewa, atake asitake. Ile ya kwanza alimrejea siku za mwisho mwisho, akamvunja kidole hata nyumbani hawajafika.

Mbavu zilipopoa, Batuli akawa anachungulia ua wa jirani yangu Gertruda, mwalimu, mtu wa bara. Gertruda hunyanyua chuma: bomba lenye kopo la rangi kila upande, makopo yamejazwa zege. Batuli akataka kufundishwa. Nikakataa. Nikasema mtu wa eda hutulia ndani, na mwanamke hakuumbiwa misuli.

Gertruda akasimama mlangoni kwangu. "Shikamoo, bibi. Na kupigwa je, ndiko alikoumbiwa?"

"Marahaba," nikamjibu. Nikampisha Batuli apite.

Siku ya kwanza Batuli alinyanyua mara mbili, akatapika. Viganja vikachubuka damu, akavifunga vitambaa akarudia. Akawa anapiga gunia la mchanga hata ngozi ya vidole ikabaki kwenye gunia. Chakula nacho Gertruda akakipanga: mayai manne kila siku, maharage, pweza wa kuchemsha. Wali wangu wa nazi Batuli akaukataa. Iliniuma ile, nikamwambia atakonda kama ufagio. Akaweka kijiko chini.

"Somo, akinirejea safari hii ataniua. Mie sitaki kufa nimenyamaza."

Mwezi wa pili mgongo wake ulikuwa mpana, mabega magumu kama mbao. Nikaanza kununua mayai mie.

Tohara ya tatu ikaingia. Asubuhi moja Shuaibu akaja na nduguye Husseni. Njiani palikuwa na watu wazima wa kutosha kuwa mashahidi. Angetamka tu, yangekwisha. Lakini alitaka kwanza amburute, wamwone. Akamkamata Batuli nywele pale barazani kwangu.

Batuli hakujivuta nyuma. Alimfuata, akainama, akamkumbatia kiuno, akamnyanyua kama anavyonyanyua zege, akambwaga bega na uso kwenye ukingo wa baraza. Bega likatoka mahali pake, nililisikia. Shuaibu akachomoa kisu cha bucha kwa mkono wa pili. Batuli akamkanyaga mkono ule, akakandamiza mpaka vidole vikavunjika kimoja baada ya kingine. Husseni akasogea. Nilikuwa na mchi wa kinu. Nikampiga nao goti, akakaa chini. Sijuti.

Batuli akaweka mguu kifuani kwa mumewe. Damu ilikuwa ikimtoka mtu yule puani na mdomoni.

"Haya, nirejee," akamwambia. "Watu hawa hapa. Sema."

Neno moja tu, na huyu ni mkewe tena. Shuaibu akawatazama watu. Mzee mmoja akamwambia taratibu, "Mrejee, baba, akakupikie." Wengine wakacheka. Shuaibu akafumba macho. Kumpeleka nyumbani mwanamke aliyemvunja mbele ya watu, hakuweza. Alinyamaza. Husseni akamkokota, naye mwenyewe akichechemea.

Siku nne tulikaa tukisikiliza mlango. Hakutuma mtu. Siku ya tano Batuli aliingia hedhi, tohara ya tatu ikakatika, eda ikaisha. Nikampikia wali wa nazi. Akala sahani nzima, akanawa, akatoka uani kwenye zege lake.