Njia ya Nne ya Kaseti

Mwaka huu nilirudi Kasongo na mkanda mwembamba wa mpira mfukoni, nikijiona mtu wa maana. Cheka tu, rafiki yangu. Huo ndio mjomba aliokuwa akiulilia miaka yote: "Sauti ya mama yako iko ndani, mutoto wangu. Mashine inakosa tu mukaba wa kuizungusha."

Mashine yenyewe, ya kurekodia, aliileta kutoka Salamabila nilipokuwa darasa la pili. Ilitumia kaseti ya kawaida, ila iliigawa njia nne: gitaa njia yake, ngoma yake, mjomba na sauti yake ya kujivuna, kisha mama. Studio ilikuwa chumba cha bibi. Tuliegemeza magodoro ukutani, tukafukuza kuku, jirani akaombwa aache kutwanga sombe, majani yake ya muhogo. Hakukaa hata dakika tano, akachungulia dirishani: "Mungali munaimba tu? Watoto wangu watakula saa ngapi?" Mama aliimba kwa Kizimba wimbo aliokuwa akinilazia, amefumba macho, mkono mmoja begani kwangu ili nisichezecheze.

Miezi michache baadaye homa ilimchukua. Picha yake hatukuwa nayo. Nilikua nikijua kwamba mama yumo ndani ya sanduku la mjomba. Kila nilipolia bibi alinituliza kwa hilohilo, naye aliamini, maskini.

Basi mjomba alipouona ule mpira, akasema anaenda kuangalia mbuzi. Hana mbuzi. Niliufunga mwenyewe, kaseti ikazunguka. Nikateremsha sauti ya gitaa, nikateremsha ngoma na mjomba, nikaacha njia ya nne peke yake. Kilichotoka ni kinanda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. "Njia zilikuwa ine tu," alisema bila kunitazama. "Watu walikuwa wanataka kinanda, nikakirekodi juu ya sauti yake. Mama yako alikuwa angali muzima. Nilijua ataimba tena."

Kufuta ningemsamehe. Lakini mukaba, miaka yote ile? Alinidanganya mimi, akamdanganya bibi, mama yake mzazi, hadi kaburini. Nina hasira naye mpaka leo, sitakuficha.

Chumba cha bibi kimebomoka, jirani amehamia Lusangi, vijana wanarekodi kwa simu. Kaseti niliichukua bila kuomba. Mwanzoni kuna kipande kifupi ambacho mjomba alichelewa kukifuta: mama anavuta pumzi ili aanze kuimba. Nimekirudisha nyuma mara nyingi. Anavuta pumzi, halafu kinanda.