Njugu za Nyanya Asiyeona

Jumamosi iliyopita nilikuwa Luanda Kotieno, kando ya ziwa, nikingojea feri ya Mbita, mama mmoja akapita na beseni la njugu za kuchemsha, bado zinatoa mvuke. Nilipasua ya kwanza kwa meno. Rafiki yangu, ile ladha ya chumvi na udongo ilinirudisha moja kwa moja jikoni kwa nyanya, mwendo mfupi tu kutoka pale.

Nilikuwa na miaka tisa macho ya nyanya yalipozimika kabisa. Shangazi, binti yake mkubwa, alikuja kutoka Kisumu kumchukua.

"Mama, hapa utaungua na moto," alisema. "Twende ukae kwangu, upikiwe."

Nyanya hakubishana. "Kesho nikupikie njugu kwanza," alisema. "Zikiharibika, nitaenda na wewe."

Niliingiwa na hofu. Nyanya ndiye aliyenilea, na sikujua akiondoka ningebaki na nani.

Asubuhi tuling'oa njugu shambani, mimi na shangazi. Nyanya alikaa kwenye kigoda akazichambua kwa vidole. Iliyooza aliijua kwa wepesi wake, akaitupa kando. Alizisuuza mara tatu, akajaza sufuria njugu na maji hadi karibu na ukingo, akapima chumvi kwa kiganja, akafunika. Alipoinama kuchochea kuni nilitaka kumshika mkono, lakini shangazi akanizuia.

Kisha nyanya akatulia, sikio limeelekea motoni. Njugu mbichi huelea, na maji yalipotokota zilianza kugonga mfuniko, ko-ko-ko. Saa moja ikapita, na nyingine. Shangazi akanyoosha mkono afunue.

"Acha," nyanya akasema. "Bado zinaongea."

Polepole mlio ukapungua. Ikabaki njugu moja moja ikigonga, halafu kimya.

"Zimeshiba maji, zimezama. Epua."

Shangazi alifunua. Hakuna hata moja iliyokuwa inaelea. Alionja ya kwanza, akaonja ya pili. Mimi nilimtazama nyanya kama mtu niliyekutana naye siku hiyo. Miaka yote nilikuwa nimekula njugu zake, na sikuwahi kujua kwamba sufuria ilikuwa inazungumza naye. Shangazi akakaa chini kando ya mama yake, akamenya njugu na kumwekea kiganjani. Jioni alirudi Kisumu peke yake.

Nyanya alipika hadi mwaka aliofariki. Baadaye ziwa lilipanda, likachukua shamba, kisha jikoni. Mwaka jana nilimwomba mvuvi anipitishe hapo kwa mtumbwi. Magugu maji yalikuwa yamefunika pote. Aliniuliza natafuta nini.

"Hapa chini ndipo nyanya yangu alipokuwa akipika," nikamwambia.

Akaacha kupiga kasia, akavua kofia.