Breki za Gari la Newala

Nilipohamia Masasi kusimamia matengenezo ya magari, nilikabidhiwa vani nane, gereji moja yenye paa la bati, na ubao mweupe ukutani. Kampuni yetu ilisambaza soda na maji ya kunywa madukani, kuanzia Nanganga hadi Newala, juu kabisa mlimani. Kila asubuhi niliandika ubaoni magari mangapi yametoka, nikapiga picha na kumtumia meneja aliyekuwa Mtwara. Akiona nane, alinijibu kwa alama ya dole gumba. Akiona sita, alinipigia simu.

Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa magari na miaka ishirini na tisa. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kimakonde aliyeanza kufungua injini kabla sijazaliwa. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu mimi huyo huyo mwanawe nikamgawia kazi za siku. Hatukuwahi kulizungumza hilo, lakini nilijua linamkera kidogo, na mimi lilinitia aibu.

Jumatatu moja dereva wa gari la Newala aliingia ofisini. Alikuwa Mmakua wa Lisekese, mtu mpole, asiyependa kulalamika. Wenzake walimwita Baba Mapacha.

"Dada, breki zangu zinazama," alisema. "Nikiwa nashuka kutoka Newala, katikati ya mteremko, pedali inakuwa laini kama nakanyaga godoro. Nikifika chini nikapumzika, inarudi."

Nilimpa fundi gari alikague. Alifungua magurudumu, akatazama pedi za breki, akaliendesha mpaka barabara ya Nanganga na kurudi. "Breki nzima," aliniambia huku akifuta mikono. "Huyu ana haraka tu kwenye mteremko."

"Mzee, mimi siendeshi kwa haraka," Baba Mapacha alisema taratibu.

"Mimi nimekanyaga mwenyewe. Nzima."

Wote wawili wakanigeukia. Siku hiyo magari mawili yalikuwa juu ya mawe yakisubiri spea, na meneja alikwisha kunipigia. Nikasaini karatasi ya ruhusa. Baba Mapacha aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Saa tisa alasiri simu yangu iliita. Sauti ya Baba Mapacha ilikuwa tulivu kuliko kawaida, na utulivu huo ndio ulionitisha.

"Dada, niko mteremkoni. Gari limelala ubavuni, kwenye ukingo wa mchanga. Mimi mzima. Mkono tu unauma."

Nilikwenda na fundi kwa gari lingine. Tulimkuta Baba Mapacha ameketi kando ya barabara, mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa akitoka shamba la mikorosho. Chupa tupu alizokuwa akizirudisha Masasi zilitapakaa hadi chini mtaroni. Breki zilipokataa, alikuwa amerudisha gia mpaka ya kwanza, akavuta hendibreki, kisha akachagua mwenyewe upande wa mlima. Upande wa pili palikuwa na bonde.

Mama yule alinitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mpe pole mtu wako."

Nilikuwa nimesimama pale muda wote sijampa pole. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia, "Pole sana. Uliniambia, nikakusikia, na bado nikasaini."

Baadaye, hospitalini, tuliambiwa mfupa umepata ufa.

Kesho yake gari lilipovutwa hadi gereji, fundi alilishughulikia peke yake. Mchana aliniita. Alikuwa na chupa yenye oili ya breki aliyoitoa kwenye gari, nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea.

"Imezeeka, imeingia maji," alisema. "Tambarare huwezi kujua. Ukishuka mlima umekanyaga muda mrefu, inachemka, pedali inazama. Ikipoa, inakuwa nzima." Akaiweka chupa chini. "Alisema kweli. Na mimi nilisema kweli. Ila mimi nilipimia mahali pasipo mlima."

Nilimpigia meneja kabla hajanipigia. Nilimweleza kwamba saini ni yangu, na kwamba kuanzia hapo gari lolote ambalo dereva wake ana mashaka nalo halitatoka, hata kama ubaoni itaandikwa tano. Akasema nimwandikie barua ya maelezo. Nilipewa onyo, nikalipokea.

Tulibadilisha oili ya breki kwenye magari yote nane. Fundi ndiye aliyependekeza kwamba malalamiko ya gari la Newala yapimwe mteremkoni, yeye akiwa kiti cha abiria. Mara ya kwanza aliporudi alishuka akiwa ameshika kiuno. "Mwanangu," alisema, "hawa watu wanafanya kazi." Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu nifike.

Mwezi uliofuata namba za ubaoni zilishuka, na meneja alipiga simu karibu kila siku. Polepole zikapanda tena, kwa kuwa ubovu sasa ulionekana gerejini badala ya njiani. Sikuwahi kumshawishi meneja kabisa. Alizoea tu.

Baba Mapacha alirudi kazini mkono ukiwa umepona. Nilimuuliza kama yuko tayari kwa Newala. Akatazama viatu vyake.

"Dada, nikwambie ukweli? Naogopa."

Nikampa njia ya Nanganga, iliyonyooka, isiyo na mlima. Mpaka leo anaiendesha hiyo, na sijamuuliza tena.