Nani Aliifunga Mashine ya Theluji

Aune Pelkonen alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, akalea watoto wawili, akamzika mmoja, na katika miaka yote hiyo mumewe hakuwahi kumruhusu ashike usukani wa trekta lao dogo la bustani. "Utalivunja," Urho alikuwa akisema, na maneno yakaishia hapo. Mimi niliishi ng'ambo ya barabara yao, huku rasini kaskazini mwa Michigan, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu.

Septemba moja Urho alipooza upande wa kulia, na ulimi ukafungwa. Ulimi ulirudi baada ya wiki tatu. Mkono na mguu havikurudi. "Mungu angeweza kuchagua kinyume chake," Aune aliniambia, na hakuwa anatania.

Oktoba ikaingia. Huku, asiye na namna ya kuondoa theluji hufungiwa ndani hadi Aprili, na Urho alitakiwa kupelekwa kwenye mazoezi ya viungo kila Jumanne. Basi asubuhi moja Aune alivaa ovaroli ya mumewe, akaikunja mikononi na miguuni ilikomzidi, akafungua banda. Urho akataka asukumwe kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni, ajionee.

Trekta lilikuwa la mwaka 1969. Mashine ya kurusha theluji, ambayo hufungwa mbele ya trekta msimu wa baridi, ilikuwa nyuma ya banda chini ya turubai, nzito kama ng'ombe aliyelala. Lakini kwanza ilibidi kufungua visu vya kukatia nyasi vilivyokaa chini ya tumbo la trekta.

"Anza na pini ya kushoto," Urho alisema.

"Imeshikwa na kutu."

"Kutu! Mimi nilikuwa naitoa kwa vidole viwili."

"Basi vilete hivyo vidole viwili, mzee."

Aligonga kwa nyundo, akamimina mafuta, akagonga tena. Pini ilitoka pamoja na ngozi ya kidole chake; nyingine zikafuata, akavivuta visu pembeni. Mashine akaiburuta mbele ya trekta juu ya vipande vya bomba, kidogo kidogo, na ilipofika, ndoano zake hazikulingana na matundu: trekta lilikuwa chini kwa unene wa vidole viwili. Akaleta jeki ya gari, akalinyanyua, akaisukuma mashine kwa goti mpaka zikaingia. Siku ikaisha hivyo.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mkanda, na mkanda ndio uliomtesa. Hupita chini, kutoka puli ya injini hadi puli ya mashine. Aune alilala chali juu ya kadibodi, kwenye saruji ya baridi. Mara ya kwanza aliuvisha ukiwa umepinda. Mara ya pili ulikaa upande usio wake.

"Mpigie Wayne," Urho alisema. Wayne ni mtoto wa dada yake. "Hii siyo kazi ya kufua mashuka."

"Mashuka hayo ndiyo yaliyokulisha mgodi wenu ulipofungwa," sauti ikajibu kutoka chini ya trekta.

Mara ya tatu ulikaa. Aliwasha injini, akavuta wenzo, na visu vikubwa vya mashine ya theluji vikaanza kuzunguka. Nilikuwa nimewaletea viazi, nikamwona amesimama pale, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, anamtazama mumewe.

"Mkanda umelegea," Urho alisema. "Nirudishe ndani, nasikia baridi."

Haukuwa umelegea. Aune aliukagua mara mbili.

Theluji ilipoanza Novemba, alisafisha njia yao, yangu, na ya bibi Saima wa kona, kabla sijachemsha kahawa. Kisha Jumapili moja baada ya ibada tukakaa kwao, na mzee Hannula akauliza, "Urho, nani kakufungia mashine mwaka huu?"

"Wayne," Urho alijibu bila kupepesa macho. "Kijana ana mikono yule."

Aune alikuwa ameshika birika. "Wayne hajakanyaga hapa tangu mazishi ya mama yake. Nimeifunga mimi."

Urho alicheka kwa nusu ya mdomo. "Wanawake bwana! Wakishika spana siku moja, wanataka kengele ya kanisa ipigwe."

Wanaume wakacheka. Hannula akaomba kipande kingine cha mkate wa iliki. Nami, naungama, niliinamia kikombe changu.

Urho alifariki Februari. Kwenye mazishi mchungaji alimsifu kwamba hata katika ugonjwa wake alihakikisha njia za majirani ziko wazi. Aune alikaa kiti cha mbele, mgongo umenyooka.

Kesho yake theluji ilifika magotini. Mwanawe Kalle, aliyekuja kutoka Arizona, alikuwa na ndege ya kuwahi, akabaki barazani na viatu vyake vyembamba, akilaani. Aune alilitoa trekta bandani, na kwa dakika ishirini njia ikawa wazi hadi barabarani. Kalle akamkumbatia.

"Kumbe unaiweza, mama! Baba alikufundisha vizuri."

Nilikuwa mlangoni kwangu, nikasikia kila neno. Aune alimfunga mwanawe skafu vizuri shingoni, akamwambia aendeshe polepole kwenye kona. Gari lilipoondoka alivuka barabara na trekta, akaanza kusafisha njia yangu. Nilimpungia mkono kumshukuru. Hakuuona, au hakutaka kuuona.