Salamu za Soidri

Mdogo wangu Soidri alikuwa mwimbaji wa roki kule Majunga, na ninalisema hili kwa kiburi kwa sababu Moroni hakuna aliyeniamini. Huko Bukini, yaani Madagaska, vijana walipanda juu ya viti akiimba. Kisha yakaja mauaji ya watu wetu, mwisho wa mwaka sabini na sita, na sisi Wangazija tuliosalimika tukaletwa nyumbani kwa ndege. Watu wakatubandika jina la shirika la ndege ile, Sabena, utadhani tulizaliwa angani. Wenzake wawili wa bendi walizikwa Majunga, wa tatu akaenda zake Ufaransa. Soidri akawa fundi wa kuezeka mabati, na kwa miaka saba hakuimba hata bafuni.

Mwaka themanini na nne akanijia kibandani ninakouza vitambaa, macho yanawaka. "Dada, nimepata bendi!"

Bendi yenyewe ndiyo hii: Chamsidine, mwalimu wa shule, gitaa la besi; Ibouroi, fundi wa redio, gitaa la pili; na Combo, mpishi wa hoteli, dramu. Wote walikulia kwenye twarabu za harusini. Walifanya mazoezi kijijini Mvouni, kwa mjomba wake Chamsidine, hadi mbuzi wa mzee wakakataa kurudi zizini. Niliwacheka, lakini nilijua kilichomsumbua ndugu yangu. Alitaka nchi hii imkubali kama mwimbaji, si kama mkimbizi wa kuziba mapaa. "Nikishindwa safari hii," aliniambia, "sishiki tena kipaza sauti."

Wakaitwa kwenye sherehe ya ndoa kubwa, ile ya mila inayompa mwanamume heshima ya mji, pale Moroni alasiri moja. Wanaume waliokwisha kufanya ndoa kubwa walikaa mbele na majoho yao. Soidri akafanya kama alivyozoea Majunga: akawasalimu watu, akawakaribisha, akawasifu maharusi kwa maneno marefu. Wenye majoho wakageukiana. Jamani! Kisiwani kwetu Ngazidja, mwanamume asiyefanya ndoa kubwa hasemi mbele ya waliofanya, hata mvi zimjae. Kuimba aimbe; kuhutubia, hapana. Na mimi mjinga nilisahau kumkumbusha. Bwana mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mtoto ni wa nani?" Mtoto alikuwa na miaka arobaini na miwili. Aliimba nyimbo tatu, hakuna aliyetikisa hata bega, akashuka.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, Bwana Saindou, aliyewahi kumsikia Majunga, akamwalika kwenye harusi ya mwanawe. Soidri akaapa. "Naimba tu, dada. Neno hawalisikii."

Nikafuatana nao. Tuliposhuka bandarini Mutsamudu, askari wa kukodiwa wa Kizungu, wale waliokuwa wakiilinda serikali au wakiimiliki, hatukujua, wakamfungulisha Soidri mfuko wa gitaa la Ibouroi aliombebea na kumwamuru apige, wahakikishe si bunduki. Akapiga. Mmoja wao akampigia makofi. Soidri hakujua ashukuru au aogope, akabaki kuinamisha kichwa.

Mutsamudu akapanda jukwaani kimya, akaimba wimbo wa kwanza, na wa pili. Wallahi, sauti ilikuwa ileile! Nikasisimka nikamshika mkono mwanamke aliyekaa karibu nami, Djouhara, mtu wa Mirontsy, mji wa jirani. Akautoa mkono wake taratibu.

"Ndugu yako ana sauti," akasema, "lakini mbona ana majivuno? Mgeni anakuja kwa watu, salamu hatoi, wenye harusi hawataji?"

Nikakimbilia jukwaani. "Soidri, wasalimu!"

"Nini?"

"Wasalimu watu! Huku wanangoja!"

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Kisha akashika kipaza sauti, akafungua mdomo. Aanze na nani, na kwa lugha gani: ya Ngazidja, ya Ndzuani, au Kimalagasi alichokulia nacho? Hakuna kilichotoka. Watu wakaanza kuguna.

Ndipo Combo akaacha dramu, akaja mbele. "Asalaam alaykum, watu wa Mutsamudu!" Akawasifu bwana harusi, bibi harusi, wazazi, mji mzima, kisha akaanza wimbo wa harusini huku magitaa yakimfuata kwa roki. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakainuka.

Dramu zilibaki bila mtu. Soidri alisimama pale katikati, mikono inaning'inia, halafu akarudi nyuma, akakaa kwenye kiti cha Combo na kuokota vijiti. Mwanzoni alikosea, baadaye akaushika mdundo. Uwanja mzima ulicheza kwa bendi yake, na hakuna aliyemtazama. Djouhara akanivuta nicheze. Nilicheza huku nalia, nisijue kama ni furaha au hasira.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Bwana Saindou akaja, amelowa jasho, akamkumbatia Soidri.

"Mmeniheshimisha! Mwakani namwoza binti yangu. Mrudi, lakini mje na yule mwimbaji wenu."

Soidri akamtazama Combo aliyezungukwa na watu.

"Inshallah," akasema. "Tutamleta."