Natalia na Kamera ya Dirisha

Natalia Bura alibandika utepe mweusi juu ya skrini ya kamera yake kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mtu mjini Mbulu aliyeweza kumshawishi aubandue. Kamera ilikuwa ya dijitali, ila kwa umbo ilifanana na zile za zamani: nyembamba, ya chuma, yenye kidirisha kidogo kwenye kona ya juu. Ukichungulia pale, katikati unamwona mtu mmoja mara mbili, yeye na kivuli chake. Unazungusha lenzi kwa kidole mpaka wanakutana. Wakikutana, unapiga. Kamera haikuchagulii chochote.

Kazi alijifunza kwa kamera ya filamu ya namna hiyo hiyo, ya mjomba wake. Filamu zilipoadimika akanunua hii, mtumba, kutoka Arusha, na tangu hapo hakuacha kuilalamikia. Dirisha lina giza. Betri inakufa kwa baridi. Ina menyu ndefu za mambo asiyoyahitaji, na lile moja analolihitaji limefichwa humo ndani.

“Sasa si uiuze, dada?” aliuliza Hermani, mpiga picha mwenzake wa mlango wa pili. Yeye alikuwa na kamera kubwa inayotafuta nyuso yenyewe na kurekodi video.

“Niuze ninunue nini? Ninayoitaka bado hawajaitengeneza.”

Mwezi wa Julai aliitwa kijijini Tumati kupiga picha za harusi. Bibi harusi, Judith, ndiye aliyemchagua, kwa sababu alipenda zile za kipaimara cha mdogo wake: watu walitokea kama walivyo, hakuna aliyejua anapigwa. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Ibada ilipokwisha, mzee Maximilian, baba mkubwa wa Judith na mwenyekiti wa kamati, akamfuata Natalia uwanjani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Hebu tuonyeshe za kanisani.”

“Mtaziona nikishazisafisha.”

“Kwani hiyo si dijitali? Haionyeshi?”

“Inaonyesha. Nimeiziba.”

“Umeiziba?”

“Nikiinamia skrini, baba, bibi harusi atacheka nisimwone. Na ninyi mtanizunguka hapa kutazama yaliyopita.”

Mzee akanyoosha mkono kuubandua utepe. Natalia akarudi nyuma, akaiingiza kamera ndani ya koti.

“Nakuheshimu sana, baba. Lakini huu haubanduliwi. Kama hamniamini, niambieni sasa hivi niondoke.”

Watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Natalia alisikia mashavu yakiwaka moto, ila hakuinamisha uso.

“Baba mkubwa, mimi ndiye niliyemwita,” alisema Judith. “Mwache afanye kazi.”

Mzee akaguna, akatoa simu, akamwita Hermani. Hermani akafika kwa bodaboda, na mchana wote yeye na Natalia wakafanya kazi pamoja. Ukungu ukazidi. Katika dirisha la Natalia, mtu na kivuli chake walizama wote katika weupe, asijue kama wamekutana. Akaacha kuchungulia. Akawa anakadiria umbali kwa macho, anaweka lenzi kwenye namba ya mita, anapiga.

Za Hermani zilitoka safi karibu zote. Za Natalia nyingi zilikosa fokasi. Alimpelekea Judith zote, hata zilizoharibika, asimfiche kitu. Judith alizitazama taratibu, akachagua moja ambayo yeye na mume wake wanakimbilia turubai, sura zao hazionekani vizuri, wanacheka. “Hii ndiyo siku yenyewe,” alisema.

Mzee Maximilian hakuwa wa maoni hayo. Harusi zote za ukoo zilizofuata alipewa Hermani. Iliuma. Natalia akarudi kwenye picha za pasipoti, na utepe ukabaki pale pale.

Baadaye, katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa kamera, mtu mmoja wa Moshi akauliza: kamera ya dirisha ikitengenezwa upya, mngependa iweje? Wengi waliandika video, wengine ijifokasi yenyewe. Natalia akatuma sauti.

“Mimi ni Natalia wa Mbulu. Dirisha liwe pana na angavu, lisipofuke kwenye ukungu. Kasi ya kupiga niiweke kwa gurudumu, mwanga kwa gurudumu, nikiwa nimevaa glavu. Namba za mita zisomeke. Mlio uwe mdogo, padri asigeuke. Betri ivumilie baridi. Ikiharibika, fundi aweze kuifungua. Skrini msiweke kabisa.”

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. “Nani atanunua, mama?” aliandika mmoja.

Na Hermani, ambaye naye alikuwa humo, akaandika: “Dada, bila skrini utaendelea kukosa kazi.”

“Nitaikosa nikiwa nimeinua kichwa,” alijibu Natalia.

Wakaendelea kucheka mpaka jioni. Yeye alikuwa ameshazima simu, yuko mnadani katikati ya wauza vitunguu swaumu, anapiga.