Hotpoti Iliyorudi Tupu

Wifi yangu hajui kukaa kitako. Hata wateja wake huwasuka nywele akiwa amesimama, anahama kutoka bega hili kwenda lile, na mdomo nao haupumziki. Kaka yangu, fundi simu, alikuwa akimtania kwamba alioa feni. Tangu kaka achukuliwe, feni hiyo haizimiki.

Walimchukua dukani kwake mchana kweupe, kwa gari lisilo na namba, kwa sababu kwenye maandamano alimpiga picha askari akimtwanga mzee rungu. Kituoni walikiri kuwa wanaye. Kumwona ilikuwa marufuku, eti upelelezi unaendelea. Chakula ruksa. Basi kila asubuhi wifi alikabidhi hotpoti kaunta, na jioni akarudishiwa tupu. Habari yetu ilikuwa hiyo tu: amekula, basi yu hai. Mimi nilimshukuru Mungu. Wifi aliifunua, akaichungulia, kisha akaanza kuzunguka sebuleni mpaka nikaona kizunguzungu.

"Kaa chini basi, wifi."

"Nikikaa nawaza."

"Na ukisimama?"

"Nawaza pia, lakini angalau natembea."

Kaka ana vidonda vya tumbo. Pilipili kidogo tu, analala amejikunja kutwa. Kwa hiyo nyumbani tunapika maharage sufuria mbili, yake na yetu. Siku moja nilipopakua chakula cha mchana nikakuta maharage yetu hayana pilipili hata chembe. Wifi alionja, akashika kichwa. Alikuwa amempelekea kaka sufuria yetu.

"Nimemuua mume wangu," alisema.

Jioni hotpoti ilirudi imekombwa, haikubaki hata punje.

Kesho yake tulifuatana kituoni. Askari wa kaunta, mtu wa tabasamu nyingi, alikuwa ameshaipokea hotpoti wifi alipoanza kuomba radhi.

"Afande, jana nilikosea. Nilimletea cha pilipili. Anaendeleaje?"

"Mbona alikisifu, mama. Amesema uwe unaweka hivyo hivyo. Hata ukiongeza si mbaya."

Kwa mara ya kwanza nilimwona wifi hatikisiki. Mimi mikono iliniwasha nimkabe yule mtu shingoni. Wifi alinyoosha mkono, akaichukua hotpoti yake kutoka kaunta, akageukia benchi walipokuwa wamekaa kina mama wengine na vyakula vyao.

"Mama," alimwambia wa karibu, "wako ni kitu gani asichokula kabisa?"

"Mwanangu? Mayai. Tangu mdogo hayagusi."

"Umewahi kumletea?"

"Juzi, nilikuwa sina kingine." Yule mama alitazama mfuko wake. "Yalirudi maganda."

Mwanamke wa mwisho kabisa alifunua bakuli lake, akalifunika tena.

Askari akagonga kaunta. "Haya, leteni vyakula, foleni isonge."

Hakuna aliyesogea. Wifi alijipenyeza katikati yao, akakaa, akapakata hotpoti.

"Leo tutawalisha wenyewe," alisema. "Waleteni hapa."

Mchana ulifika, chakula kikapoa, na wifi alikuwa bado amekaa.